Mshipi Umenyamaza: Kutafuta Sababu Kusi Inapoisha Dar es Salaam

Oktoba ikifika katikati, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, huanza kuchoka. Bahari iliyokuwa ikichafuka tangu Mei inatulia, asubuhi maji yanalala kuanzia Kunduchi hadi Kimbiji, na vyombo vilivyokaa juu ya mchanga vinashushwa tena. Ni mwisho wa demani, tunaelekea kwenye maleleji, kipindi cha upepo kubadilika, kabla kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika sawasawa mnamo Desemba. Ndicho kipindi ambacho watu wengi wa mshipi, hasa wale wa mwisho wa juma wanaokodi ngalawa au kusimama kwenye miamba, wanarudi na kikapu kitupu wakisema bahari haina samaki.

Kilichobadilika ni maji. Wakati wa kusi upepo unaikoroga bahari, tabaka la juu linapoa hadi kama nyuzi 25 mwezi Agosti, na ule mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima, unakwenda kasi kwa kuwa upepo unausukuma kwa nyuma. Upepo ukigeuka, mkondo unapungua nguvu maana sasa unapingana na upepo. Maji yanapata joto kidogo kidogo, yatakaribia nyuzi 29 au 30 ifikapo Machi, na vumbi la chini lililokuwa limetibuliwa linatua. Bahari inakuwa angavu. Samaki anaona mbali, anauona mshipi, anakiona hata kivuli cha chombo. Mvuvi anayekuja na mshipi mnene, chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) zito na ratiba ya Julai amejiandaa kwa bahari iliyokwisha kupita.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: chunguza maji kwanza, kisha mahali ulipo, kisha mshipi na ndoana, na chambo kiwe cha mwisho. Wengi wanaanza na chambo, kwa sababu ndicho kilicho karibu na mkono. Halafu badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukihamisha chombo, ukabadili ndoana na ukaweka kibua mahali pa ngisi kwa mpigo, samaki akila hutajua kilichomfanya ale, na safari ijayo utaanza upya.

Mshipi haugongwi kabisa

Kabla hujafungua kopo la ndoana, tazama kama maji yanatembea au yamesimama. Samaki wa mwambani hula maji yanapotembea, kwa maana ndipo dagaa na vijidudu vya baharini vinapobebwa na kupitishwa mbele yao. Maji yakisimama, yawe yamejaa au yamekupwa, changu hunyamaza.

Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Sasa mfikirie mtu wa Jumapili: ameamka, amekunywa chai, amefika Kunduchi saa mbili, chombo kimetia nanga saa nne kasoro. Amefika wakati maji yanasimama. Atakaa bila kuguswa, atakilaumu chambo, na jua likishakuwa kali atamwomba nahodha warudi, wakati huohuo maji yanaanza kupanda kwa nguvu.

Maji hayajai kwa kasi moja. Katika saa sita za kujaa au za kutoka, saa ya kwanza huwa ya polepole, na saa ya sita hivyohivyo. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba karibu nusu ya maji yote. Kwa mtu wetu wa Jumapili, wakati mzuri ulikuwa kati ya saa sita na saa nane mchana, au mapema zaidi, kabla jua halijapanda, wakati maji yaliyojaa alfajiri yalipokuwa yakitoka. Kila siku majira husogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu na saa nne na kukupwa karibu na saa kumi, tena ni maji mafu, yanayopanda kwa mita moja hivi tu. Jedwali la maji linapatikana hata kwenye simu. Lisome usiku wa kuamkia safari, ndipo upange saa ya kutoka.

Kwa mwamba wa kina kirefu mimi huchagua maji mafu, kwa sababu mshipi unashuka wima na chubwi dogo linatosha. Kwa kuvua ukiwa umesimama kwenye miamba ya ufukwe wa Coco, naona bamvua inayojaa ni bora, kwa kuwa maji huwapandisha samaki juu ya mawe na majani yaliyokuwa makavu asubuhi. Ila mahali hapo mtu asigeuze mgongo baharini, wala asivue peke yake.

Maji yanatembea na bado kimya? Sasa jiulize uko juu ya nini. Changu hukaa pembezoni, pale mwamba unapoishia na mchanga unapoanza, kwa kuwa hula kaa, kome na vijidudu vya mchangani, kisha hurudi mwambani kujificha. Ukiwa mita chache nje ya ukingo huo, unavua jangwani. Chubwi lenyewe litakuambia: likigonga mwamba unasikia mkononi mgongano mkavu, likitua mchangani linazama kimya na kuvutika bila kukwama. Kama mkono wako bado haujazoea, paka sabuni laini au mafuta mgando chini ya chubwi, literemshe mpaka chini, livute, utazame limerudi na nini. Mabaharia wamepima chini ya bahari kwa njia hiyo tangu zamani, na bado inafanya kazi.

Hapa ndipo badiliko la pepo linapowaadhibu watu, na ningependa msomaji alishike vizuri jambo hili. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote vinasukuma kuelekea kaskazini. Nahodha anatupa nanga kusini mwa mwamba, anaachia kamba, chombo kinarudi nyuma taratibu na kukaa juu ya samaki. Ni rahisi, na mtu anazoea. Kaskazi ikianza kupuliza, upepo unakitaka chombo kwenda upande mmoja na mkondo unakitaka upande mwingine. Chombo kinakaa kishazari, au kinazunguka kila upepo unaposhuka na kupanda. Nanga imetupwa mahali palepale pa Julai, lakini chombo kipo juu ya mchanga, na hakuna aliyegundua. Dawa yake ni kutulia kwanza kabla ya kutia nanga: zima mashine au teremsha tanga, acha chombo kielee kwa dakika chache, uone kinakwenda wapi chenyewe. Kisha rudi upande wa pili wa mwamba na utupe nanga ukijua chombo kitaangukia wapi. Na uchukue alama za nchi kavu, alama mbili za upande mmoja zinazopangana, na nyingine mbili za upande mwingine. Dar es Salaam haina upungufu wa alama: majengo marefu ya katikati ya mji, minara ya simu, ncha za visiwa. Kila nusu saa tazama kama bado zimepangana. Zikiachana, umehama.

Ukiwa na uhakika wa maji na wa mahali, ndipo ushuke kwenye uangavu. Kama unaliona chubwi likizama pima nyingi chini (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), samaki naye anakuona. Punguza unene wa pima mbili za mwisho za mshipi. Aliyezoea milimita 0.8 ajaribu 0.5. Sogea kwenye kina kirefu zaidi jua linapopanda, au vua alfajiri na magharibi. Acheni kufua maji kwa kopo linalogonga mbao, na nanga iteremshwe kwa mkono, isirushwe. Sauti husafiri majini kwa kasi na umbali kuliko hewani.

Kumbuka pia kwamba si kila samaki yuko chini. Kipindi hiki vibua na dagaa hupanda juu, na kolekole na nguru huwafuata. Ukiona ndege wanapiga mbizi na maji yanachemka huku mshipi wako umelala pima kumi chini, tatizo ni kina tu. Vuta, ondoa chubwi, weka chambo kielee.

Chambo kinaisha, ndoana inarudi tupu

Hii ni habari njema iliyokaa vibaya: wapo, wanakula, ila hawanasi. Tazama kilichobaki kwenye ndoana. Chambo kilichomenywa kidogo kidogo pembeni kimeliwa na samaki wadogo au kikande, ambaye ana mdomo mdogo na meno magumu, na hula kwa kudonoa bila kumeza. Kilichokatwa kwa mviringo safi, pengine na ncha ya ndoana kuondoka nayo, ni kazi ya bunju. Kilichonyofolewa chote kwa mkupuo mmoja ni samaki wa maana aliyekushinda kwa sababu mshipi ulikuwa umelegea.

Kwa kikande, badala ya kumkimbia unaweza kupunguza ndoana. Namba ya ndoana ikipanda, ndoana inakuwa ndogo. Watu hununua ndoana kubwa wakitamani samaki mkubwa, kisha mdomo wa samaki aliyepo hauwezi kuimeza. Chambo nacho kiwe kigumu. Dagaa na kamba ni laini, wanamalizwa kabla changu hajafika. Kipande cha mkono wa pweza au ukanda mwembamba wa ngisi hudumu. Kikate kiwe kirefu kidogo, kichome mara mbili, na ncha ya ndoana ibaki wazi. Ncha iliyofunikwa na nyama ngumu haichomi kitu.

Bunju akinasa, mchomoe kwa uangalifu na umrudishe majini. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na inaua. Watoto wanaokuja kuchagua samaki wadogo ufukweni wasimkute kwenye chombo chako.

Mshipi kulegea ni tatizo la mkondo. Siku za bamvua maji yanaubeba mshipi katikati na kuutengenezea tumbo. Samaki anagonga, mshipi unanyooka kwanza, na hadi habari inakufikia mkononi amekwisha tema. Ongeza uzito wa chubwi mpaka mshipi ukaribie kusimama wima, lakini usipitishe hapo: chubwi zito kupita kiasi linamfanya samaki ahisi mzigo anapoinua chambo. Hiyo ndiyo sababu ya kubeba machubwi ya uzito tofauti, na kubadilisha kadiri maji yanavyoongeza kasi na kupungua ndani ya safari moja.

Mshipi umekatika: soma ncha yake

Mshipi ukikatika, wengi hulaani, hufunga ndoana nyingine na kurusha tena. Naomba kabla ya hapo ukitazame kipande kilichorudi mkononi, ukipitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ncha ya mshipi inaeleza kilichotokea kwa uwazi kuliko kitu kingine chochote chomboni.

Ncha ikiwa imejisokota vipindopindo, hakuna aliyeukata. Fundo limefumuka. Mshipi wa nailoni ukikazwa ukiwa mkavu unajisugua wenyewe, unapata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Au mizunguko ilikuwa michache, na ulipovutwa ukateleza nje. Zungusha mara tano, lowesha fundo kwa mate kabla ya kukaza, kaza taratibu hadi likae, kisha livute kwa nguvu ulijaribu hapohapo mkononi. Samaki asiwe wa kwanza kulijaribu.

Ncha ikiwa safi, kama iliyopitiwa wembe, na karibu na ndoana, hayo ni meno. Nguru na mzia wanakata nailoni bila jasho, na kipindi hiki wanakaribia nchi kavu wakifuata vibua. Weka kipande kifupi cha waya juu ya ndoana, urefu wa kiganja unatosha. Lakini waya uuweke kwa sababu, usiuweke kwa mazoea. Kwenye maji angavu changu anauona na kuuepuka, kwa hiyo mtu anayevua chini kwa waya siku nzima anawafukuza changu wengi kwa kumwogopa nguru mmoja. Mimi naona ni bora kuwa na mishipi miwili, mmoja wa juu wenye waya, mwingine wa chini usio nao.

Ncha ikiwa imechanika, na ukipitisha vidole unasikia mikwaruzo kwa urefu wa hatua moja au zaidi, umesugua mwamba. Hapo tofautisha mambo mawili. Kama ulihisi samaki mzito aliyevuta moja kwa moja kuelekea chini kisha kila kitu kikawa kigumu kama jiwe, huyo ni chewa aliyeingia pangoni. Chewa hana mbio ndefu. Vita vyake ni vya pima mbili za mwanzo. Ukihisi amekula, mwinue palepale kwa nguvu, usimpe nafasi ya kugeuka. Akikuwahi, usivute, maana kila unavyovuta anatanua mapezi na kujikaza, na mshipi unasagika. Legeza kabisa, subiri dakika kadhaa. Mara nyingi hutoka mwenyewe akidhani ameachwa, na ukihisi mshipi unasogea ndipo uvute tena. Jambo la pili ni mikwaruzo bila samaki: chombo kinazunguka, na mshipi unaburuzwa juu ya matumbawe. Hapo rudi kwenye habari ya nanga niliyoieleza juu.

Mikwaruzo ikiwa katikati ya mshipi, mbali na ndoana, chunguza chombo chenyewe. Msumari uliotokeza ubavuni, mbao iliyochanika, au mrengu wa ngalawa (mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke) ambao mshipi huupita kila unapovutwa. Piga msasa mahali hapo. Ni kazi ya dakika chache ufukweni.

Na kama mshipi umekatika popote tu, hata kwa nguvu kidogo, na ukiutazama umepauka na kuwa mweupe mweupe, jua limeumaliza. Nailoni huoza kwa mwanga. Mshipi unaoning'inizwa juu ya paa la banda mwaka mzima unaonekana mzima, na siku ya kolekole mkubwa unavunjika. Kata pima kadhaa za mwanzo, funga fundo moja la kawaida kwenye kipande kinachofuata, ukivute ghafla. Kikikatika kirahisi, endelea kukata au nunua mpya. Baada ya safari suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uweke kivulini.

Ananasa, anavutwa nusu, anachomoka

Tazama ndoana. Imefunguka? Ndoana ni nyembamba kwa samaki uliyempata, au ni ya chuma laini. Au ulifunga mkono na kuvutana naye badala ya kumwachia akimbie kidogo. Kolekole ana nguvu kuliko ukubwa wake, na atazunguka chini ya chombo zaidi ya mara moja. Mwachie akivuta, mvute akipumzika, na mshipi usilegee hata kidogo katikati ya hayo.

Ndoana haijafunguka? Igusishe kwenye ukucha. Ncha kali inashika, ncha butu inateleza. Kila ikigonga mwamba inakuwa butu, kwa hiyo tupa ndogo ya kunolea ikae mfukoni mwa kila mvuvi. Watu wengine hutoa pesa nyingi kwa mafuta ya mashine na kukodi chombo, kisha wanavua kwa ndoana ambayo haiwezi kutoboa karatasi.

Kila ukishusha, inakwama

Kukwama mara mojamoja ni dalili kwamba uko mahali pazuri. Kukwama kila mara ni dalili kwamba chubwi linaburuzwa. Inua liwe nusu pima juu ya chini mara tu linapogonga. Pia fungia chubwi kwa kijimshipi dhaifu kuliko mshipi mkuu: likikwama, kitakatika hicho peke yake, na utarudishiwa ndoana, pengine na samaki. Wapo wanaotumia jiwe badala ya chubwi la risasi mahali pa miamba mingi, na nawaunga mkono, kwa sababu risasi inayobaki chini ni sumu. Usiung'oe mshipi uliokwama kwa kuuzungusha mkononi. Nailoni hukata nyama hadi mfupani. Uzungushe kwenye kipande cha mti.

Maji yamekuwa ya kahawia

Mvua za vuli zikianza, Msimbazi, Mzinga na mito mingine ya mji humwaga tope baharini, na mshipi ulionyamaza karibu na midomo ya mito hauna siri. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo huelea juu. Chini yake panaweza kuwa angavu kabisa, na mvuvi wa kina kirefu hana sababu ya kurudi. Ukienda mbali kidogo utaona mstari ambapo maji ya kahawia yanakutana na ya buluu. Kolekole huwinda kwenye mstari huo. Vua upande wa buluu. Midomoni kwenyewe sivui, hata samaki wakiwapo, kwa sababu mto unaopita katikati ya mji hubeba taka zote za mji.

Mwamba uliokuwa na samaki sasa hauna

Kama umehakikisha maji, alama, kina na mshipi, na mwamba wa zamani bado haujibu, safari baada ya safari, chunguza kinachopanda na ndoana. Vipande vya matumbawe vilivyovunjika, vyepesi, vinavyoviringika, na chubwi linalosikika kama limetua juu ya kokoto: hapo huenda palipigwa baruti. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, wakubwa kwa wadogo, wengine huelea na wengi huzama bila kuokotwa. Baya zaidi ni kwamba matumbawe yanabaki kifusi kinachosukumwa na kila wimbi, na kitu kinachoviringika hakishikwi na matumbawe machanga. Mwamba wa namna hiyo hukaa miaka mingi bila kurudi. Mwaka 1998 joto la bahari nalo lilipausha na kuua matumbawe mengi ya pwani ya Tanzania, na miamba iliyokuwa imeachwa mizima ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kupona.

Hakuna ndoana wala chambo cha kutatua hilo. Hama, na ukisikia mlipuko toa taarifa kwa maofisa uvuvi au kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari cha eneo lako. Baruti ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Na unapohama usiingie kwenye maeneo tengefu kwa kuvutwa na samaki wanaoonekana wengi. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa tangu 1975, na kuvua humo hakuruhusiwi. Samaki wanaokua pale ndio wanaotoka kuja kwenye miamba tunayoruhusiwa, nami nalichukia sana jambo la mtu kutia nanga usiku nyuma ya Mbudya akidhani anamwibia mtu asiyemjua. Leseni ya uvuvi nayo ni lazima, ulizia ofisi ya uvuvi ya manispaa yako.

Asubuhi shwari, mchana hapakaliki

Maleleji hudanganya. Bahari inayoonekana kioo alfajiri inaweza kupigwa na upepo wa mashariki baada ya adhuhuri, na mvua za vuli huja na vishindo vya ghafla. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, ngalawa ibaki mchangani. Ukiwa tayari majini, ukiona wingu jeusi limekaa chini upande wa bahari na hewa imepoa ghafla, kata maneno, ng'oa nanga. Kila mtu chomboni avae koti la kujiokolea, lisikaliwe kama mto.

Umepata samaki, lakini amelegea kabla ya kufika nyumbani

Joto la Novemba halisubiri. Dalili ni macho yaliyozama, matamvua yaliyogeuka kahawia, nyama inayobaki na shimo ukiibonyeza. Sababu ni barafu kidogo, au barafu iliyowekwa chini na samaki juu. Kwa hali ya hewa yetu hesabu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Inunue kabla ya kutoka, iponde, itandaze chini, kati na juu, na deli liwe na tundu la kutoa maji yaliyoyeyuka. Toa matumbo na matamvua mapema, suuza kwa maji ya bahari safi, si ya bandarini.

Jodari, nguru na vibua wanahitaji uangalifu wa pekee. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondolewi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Aliyekula huanza kuwashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, tumbo linavuruga, na mara nyingine pumzi inabana. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Samaki huyo anaweza kuwa hana harufu mbaya hata kidogo, kwa hiyo usipime kwa pua. Pima kwa muda: jodari aliyesahaulika juani chini ya benchi la chombo tangu asubuhi atupwe, wala asipelekwe soko la samaki la Feri kuuziwa mtu mwingine.